Mvuje kijiko kizima kwenye choroko: nimeharibu wapi?

Mama Cherehani

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Ngamiani hapa Tanga, na tangu Jumanne nyumba yangu yanuka kama kwa mganga. Naomba msaada. Mkicheka, chekeni kwa ustaarabu.

Binti yangu karudi kutoka Dar na habari mpya: hali nyama, hali samaki, hata mchuzi wa dagaa hataki kuunusa. Mtoto aliyekuzwa kwa chukuchuku ya samaki! Nikasema sawa, mboga zipo, za Lushoto zashuka Mgandini kila kukicha. Kumbe hakuishia hapo. Apika kwa Ayurveda, ile elimu ya tiba ya Wahindi wa kale. Asema kila mtu ana maumbile yake: kuna vata wa upepo, pitta wa moto, na kapha wa maji na udongo. Siku ya kwanza tu akamwangalia bibi yake, mama mkwe wangu, akamwambia, "Bibi, wewe ni kapha." Bibi ana miaka 81 na masikio yake si mazuri. Alichosikia yeye ni "kafa". Alishika tasbihi mpaka magharibi.

Sasa kisa chenyewe. Jumanne nilitaka kumfurahisha, nikapika ule wali wao wa choroko, kichiri. Kaniachia orodha: manjano, bizari nyembamba, tangawizi, samli, mvuje. Mvuje ninao miaka yote, kibonge cha kufukizia nimekifunga kwenye kitambaa tangu watoto wangu wachanga. Nikakiponda, nikapima kijiko cha chai kimejaa, nikatia sufuriani maji yakichemka. Nusu saa haijaisha, jirani kapiga hodi kuuliza kama mjukuu wangu kapandwa na shetani. Mjukuu yuko barazani acheza na vifuniko vya soda.

Chakula kilikuwa kichungu, hakiliki. Juu ya hayo mchele umekuwa uji na choroko bado zalia meno. Binti alikula vijiko vitatu kwa adabu, akaenda kununua chungwa.

Je, mvuje wa kufukizia watoto ndio huo huo wa kupikia? Na choroko zimenigomea kwa nini? La mwisho: asema kwenye Ayurveda samaki na maziwa havikai chungu kimoja. Mimi katika nyumba hii nawapikia na wanaokula samaki, tena kwa tui. Je, tui nalo ni maziwa?

Muuza Bizari

Pole dada, nimecheka lakini kwa ustaarabu ulioomba. Nauza viungo mwaka wa kumi na sita huu, na wewe si wa kwanza.

Mmea ni huo huo. Mvuje ni utomvu wa mizizi, watoka Iran na Afghanistan. Ila kibonge kile ni utomvu mtupu, mkali kweli kweli. Unga wa njano wa kwenye kopo la Wahindi umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele na gundi, ndiyo maana wao wanaweza kutia robo kijiko na wakala kwa furaha. (Kama kuna mtu nyumbani hali ngano, asome kopo kwanza.) Cha kibonge, chukua kipande kisichozidi nusu ya punje ya choroko kwa sufuria nzima. Wewe umetia mvuje wa kulisha harusi.

Kosa la pili ni kuutia majini. Mvuje hutiwa kwenye samli ya moto, uchemke sekunde chache tu. Hapo ile harufu mbaya huvunjika, ikageuka kama kitunguu maji na kitunguu saumu vilivyokaangwa pamoja. Wahindu na Wajaini wasiokula vitunguu huutumia kwa sababu hiyo. Kibonge chako cha kitambaa usikile tena, kimekaa na ubani na jasho la watoto wangapi? Nunua kipya, na usikitie mfuko mmoja na sukari.

Binti wa Chumbageni

Shikamoo mama. Mimi nimelelewa uani kwa bibi mmoja wa Kigujarati, mama yangu alikuwa akimsaidia kazi. Kichiri nimekila kabla sijajua ugali.

Choroko zako nadhani ni zile nzima za kijani. Zile sharti zilale kwenye maji usiku kucha, uzichemshe peke yake mpaka zipasuke, ndipo utie mchele. Bibi alitumia zilizokobolewa na kupasuliwa, zile za njano, ambazo huiva sambamba na mchele. Kikombe kimoja cha choroko, kimoja cha mchele, maji vikombe sita, manjano nusu kijiko, chumvi, tangawizi ya kusaga. Moto mdogo, kama dakika arobaini, mpaka ukikoroga mwiko unatoka umevaa.

Pembeni aliweka kikaango kidogo cha chuma, cheusi tii. Samli vijiko viwili. Ikishapata moto anatupa punje moja ya bizari nyembamba: ikizama na kutulia, bado, ikiruka na kuzungukwa na mapovu, tayari. Hapo anatia kijiko kizima cha bizari, inageuka rangi ya kahawia, mvuje chembe, halafu haraka juu ya sufuria, chwaaa, na kifuniko palepale ili moshi usikimbie. Alikuwa akituzuia kuongea wakati huo. Bizari ikiungua ikawa nyeusi alimwaga samli yote na kuanza upya, na samli si rahisi!

Alisema tumboni mwa mtu mna jiko, wao huliita agni. Jua likiwa utosini na jiko nalo limekoleza, kwa hiyo mlo mkubwa ni mchana, usiku kitu chepesi. Maji ya barafu pamoja na chakula alikuwa akiyaita kumwagia mkaa maji. Kwa mtu wa kapha kama mama mkwe wako, angepunguza samli na kuzidisha tangawizi na pilipili manga. Kwa mtu wa pitta, pilipili kidogo, giligilani na nazi kwa wingi, maana nazi hupoza.

Msema Kweli 12

Yaani sisi tuliozaliwa na pilau leo tufundishwe bizari? Hiyo ni imani ya watu, mama, kaa nayo mbali. Mtoto akate samaki ale.

Mwalimu Mstaafu, Raskazone

Msema Kweli, punguza moto kidogo, una dalili zote za pitta.

Bibi zetu walijua nini walipomnywesha mwanamke aliyejifungua uji wa pilipili manga? Walisema tumbo lake lina baridi. Walipomkataza mwenye mafua dafu? Hivyo hivyo. Mizani yetu ya joto, baridi, ukavu na unyevu ilitoka kwa Wayunani kupitia matabibu wa Kiislamu, kina Ibn Sina, na ya Wahindi ni nyingine, lakini majirani hawa wamekopeshana viungo karne nyingi. Charaka, tabibu wao, katika kitabu chao cha zamani, aligawa tumbo mara tatu: sehemu ya vyakula vigumu, sehemu ya vya majimaji, sehemu iachwe wazi. Wewe madrasa ulifundishwaje? Thuluthi ya chakula, thuluthi ya maji, thuluthi ya pumzi.

Ila na binti naye asahihishwe. Ayurveda yenyewe haikukataza nyama. Charaka huyo huyo ameorodhesha nyama za kila aina, na supu ya nyama humpa mgonjwa aliyedhoofu. Kitunguu saumu nacho ni dawa kwao. Kuacha nyama na vitunguu kumetoka zaidi kwenye dini zao. Akitaka kuacha aache, lakini asimbebeshe Charaka.

Tui si maziwa. Makatazo yale ni ya maziwa ya mnyama pamoja na samaki, au pamoja na matunda machachu. Samaki wa nazi yuko salama, alhamdulillah, la sivyo Tanga ingehamwa.

Tena mwambie kwao mlo kamili una ladha sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu, na ya ukakasi. Wengi hukwama kwenye uchungu. Sisi tuna mboga ya mchunga. Mpikie mchunga wa nazi, embe bichi pembeni, choroko zenyewe zina ukakasi kidogo. Sita hizo zimetimia bila kuagiza kitu Bombay.

Muuguzi wa Zamu

Kwa kifupi, nimetoka kazini. Viungo vya jikoni havina neno. Dawa za Ayurveda za kuagiza, hapana: baadhi zimewahi kukutwa na madini ya risasi na zebaki. Kama bibi anameza vidonge vya sukari, uwatu mwingi unaweza kuishusha zaidi, amuulize daktari kwanza. Na binti akamulie ndimu kwenye choroko na mchicha ili apate madini ya chuma vizuri, chai ya rangi ingoje saa moja baada ya kula. Maziwa na mtindi asiache. Akiacha na hivyo atahitaji vidonge vya vitamini B12, majani hayatampa.

Mama Cherehani

Nimerudi. Leo nimepika saa tano asubuhi, choroko za njano, mvuje chembe kama jicho la sindano namba tisa. Punje ya bizari imeruka kama ulivyosema, binti wa Chumbageni, nami nimeruka nayo, samli imenirukia mkononi. Jirani hakuja kuuliza kitu. Alikuja na sahani.

Mchunga binti kautema. Asema ladha ya uchungu ataianza mwezi ujao. Bibi kala sahani mbili, kaniuliza kama kapha wanaruhusiwa ya tatu. Mwalimu, nimjibu nini?