Barua za ofisi zote zinaingia Gmail binafsi ya dada anayeondoka. Tunatokaje?

Mhasibu_Moshi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Moshi. Ofisini tuko watu sita. Madereva na wapagazi siwahesabu, wao kompyuta hawaigusi. Dada yetu wa bukingi anaacha kazi mwisho wa mwezi, anamfuata mumewe Dodoma. Hakuna ugomvi, keki ya kumuaga tumeshaagiza. Tatizo ni kwamba barua pepe ya ofisi ni yeye.

Kwenye tovuti, kwenye vipeperushi, mpaka kwenye milango ya magari, imeandikwa info@ na jina la kampuni. Mgeni akiandika huko, barua inatua kwenye Gmail yake binafsi, hiyo hiyo anayopokelea michango ya harusi na mambo ya shule ya mtoto. Anajibu humo humo. Tuna mawakala wawili wa Ujerumani ambao ndio wanaotuletea wageni wengi wa njia ya Machame. Hao wala hawaandiki tena info, wanamwandikia yeye kwa jina lake. Kwa hiyo nani kalipa nusu, nani hali nyama, nani ana kisukari na anapanda mlima Septemba, yote yamo kwenye simu ya mtu anayepanda basi la Dodoma.

Paneli ya hostingi, yaani ukurasa wa kusimamia tovuti na barua pepe zetu, anayo kijana aliyetutengenezea tovuti. Siku hizi yuko Mwanza, anajibu WhatsApp akijisikia. Ukibonyeza "nimesahau neno la siri", kodi, ile namba ya kuthibitisha, inakwenda kwenye simu ya dada yule yule wa bukingi.

Bosi anasema "zima hiyo, zije kwangu". Bosi akiwa Serengeti na wageni hapatikani mpaka jioni arudi kambini, na hata akipatikana anasoma barua tatu anaacha thelathini.

Kingine, tangu mwaka jana wakala mmoja anadai ametuma barua ambazo dada anaapa hajaziona. Sijui kama yanahusiana.

Nianze na lipi? Tafadhali msiniambie nihamie mfumo wa dola mia kwa mwezi, hapa hata bando la intaneti tunagombana.

Fundi_Ilala

Mkuu, usizime kitu bado. Nijibu swali moja kwanza: ukiingia kwenye sanduku la info lenyewe kupitia webmail, ile ya kusomea barua kwenye kivinjari, kuna barua au ni tupu?

Kijana_wa_Mjini

Mnazunguka mbuyu bure. Mwambieni awape paswedi ya Gmail yake, mnabadilisha, mchezo umekwisha. Barua ni za kampuni, amezipokea akiwa kazini.

Fundi_Ilala

Kijana, humo mna barua za benki yake na za daktari wake. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, ile ya 2022. Ukijimilikisha akaunti ya mtu, wa kujieleza ni wewe. Sheria hiyo hiyo inawagusa na nyinyi wa ofisini: kopi za pasipoti na habari za kisukari cha mgeni zinakaa kwenye Gmail ya mtu binafsi kwa ruhusa ya nani? Hilo ndilo la kumwonyesha bosi, atalielewa haraka kuliko maneno ya seva.

Na hata ukiipata hiyo paswedi haitakufikisha mbali. Google ikiona kompyuta ngeni inauliza simu ya mwenyewe.

Mhasibu_Moshi

Fundi, nimembana kijana wa Mwanza mpaka amenipa cPanel, ndiyo hiyo paneli ya hostingi. Nimeenda kwenye orodha ya akaunti za barua pepe: info HAIMO. Ipo mauzo, ambayo hakuna anayeitumia, na moja ya jina la kijana mwenyewe. Info nimeikuta sehemu nyingine, kwenye orodha ya kuelekeza barua: info@, mshale, Gmail ya dada. Basi.

Fundi_Ilala

Nilihisi. Maana yake info haijawahi kuwa na sanduku. Ni jina tu lenye mshale. Barua ikifika kwenye seva yenu, kompyuta ya hostingi inayopokea barua, hailali hata dakika, inapita kwenda Google na kwenu haibaki kopi. Ungefuta mshale ule kama bosi alivyotaka, kila aliyeandika info angerudishiwa barua yake na ujumbe kwamba anwani haipo. Mjerumani akirudishiwa barua mbili namna hiyo anatafuta kampuni nyingine ya Kilimanjaro, na ziko tele.

Fanya hivi. Tengeneza akaunti ya info humo humo kwenye cPanel, yenye sanduku lake na neno la siri lake. Mshale uache ulivyo. Kwenye cPanel anwani ikiwa na sanduku na mshale kwa pamoja, barua inaingia sandukuni na nakala inakwenda kule. Kwa hiyo dada anaendelea na kazi yake, na nyinyi mnaanza kuziona. Jaribu kwa kujitumia barua kutoka Yahoo au simu ya jirani, usijaribu kutoka Gmail hiyo hiyo ya dada, itakuchanganya.

Kuhusu barua zinazopotea: yanahusiana, tena sana. Seva yenu inapoipeleka mbele barua ya Mjerumani, Google inaona barua inasema imetoka Ujerumani lakini aliyeileta ni seva ya hostingi ya bei chee. Kikoa cha Mjerumani, yaani lile jina la baada ya @ kwenye anwani yake, kina orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, yenu haimo. Kama saini ya kidijitali ya barua nayo imeharibika njiani au haikuwepo, na mwenye kikoa ameagiza barua za namna hiyo zikataliwe, inatupwa spamu au inakataliwa mlangoni kabisa. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti haya, na ofisi nyingi zinazoishi kwa mishale zimeumia tangu hapo bila kujua. Mwambie dada achungulie spamu, utakuta baadhi. Zilizokataliwa mlangoni hamtaziona, waombeni watume tena.

Bi_Kilindini

Mimi niko Mombasa, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Fundi amesema kweli, ila nyinyi mnatazama ile forwadi, huo mshale, mnayoijua. Sisi tulichomwa na tusiyoijua.

Mtu alipata neno la siri la sanduku letu la hesabu, sijui wapi. Hakubadilisha kitu. Aliweka kanuni moja ndogo ndani ya sanduku: barua yoyote yenye neno "invoice" au "payment" nakala iende anwani fulani ya nje, na majibu ya mteja mmoja yakifika yahamishwe foda ambayo hakuna mtu anaifungua, yawekwe alama ya kuwa yamesomwa. Akakaa kimya akitusoma. Mteja wetu alipodaiwa, akapata invoisi ya pili yenye nembo yetu, sahihi ya mkurugenzi, kila kitu sawa isipokuwa namba ya akaunti ya benki. Akalipa. Sisi tunamdai, yeye anasema ameshalipa, na kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Tulibadilisha neno la siri siku hiyo hiyo lakini ile kanuni haikuondoka! Ukibadilisha neno la siri kanuni inabaki palepale ikiendelea na kazi yake. Aliyeigundua ni msichana wa mazoezi, alikuwa anatafuta kitu kingine.

Ndugu mhasibu, wewe ndiye unayetuma ankara. Fungua mipangilio ya kila sanduku, angalia vichujio, ndiko kanuni kama ile hukaa, na angalia sehemu ya kuelekeza, vyote viwili. Na kwenye ankara zenu andikeni kwamba akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua pepe, anayeambiwa imebadilika apige simu namba iliyo kwenye mkataba. Isiwe namba iliyo kwenye hiyo barua.

Mhasibu_Moshi

Bi Kilindini, umenikosesha usingizi. Nimeangalia, hamna kanuni nisiyoijua. Ila kwenye ile mauzo isiyotumika nimekuta mshale wa siku nyingi kwenda kwa mfanyakazi aliyekuwepo kabla sijaajiriwa. Nimeufuta.

Sanduku la info sasa lipo na barua zinaingia, leo asubuhi nimeona ya familia ya Waholanzi wanaotaka Zanzibar baada ya mlima. Swali langu sasa ni barua za zamani. Dada yuko tayari kutoa, ila hataki tumkalie begani akifungua Gmail yake, na simlaumu.

Fundi_Ilala

Afanye mwenyewe, nyinyi mkinywa chai. Kwenye Gmail atafute barua zilizotumwa kwa info pamoja na za wale mawakala wawili, azichague zote, azipe lebo moja, tuseme "Ofisi". Kisha aingie Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, aondoe tiki kila kitu, aache Mail peke yake, na ndani ya Mail achague hiyo lebo tu. Atapata faili moja la MBOX lenye barua zote hizo. Mnalifungua kwa Thunderbird, programu ya barua pepe, ni ya bure. Asisahau alizotuma yeye, watu wengi wanachukua zilizoingia tu halafu hawajui mgeni aliahidiwa chumba gani.

Mawakala awaandikie mwenyewe kabla hajaondoka, kwa jina lake, kwamba kuanzia sasa waandike info na atakayewajibu ni fulani. Barua hiyo ikitoka kwake wataiamini. Ikitoka kwenu, baada ya habari kama za Mombasa, wataona ni matapeli.

Mshale muufute siku yake ya mwisho. Hapo kwake aweke jibu la kujiendesha kwa miezi miwili mitatu, kama ana moyo.

Zile kodi za simu: tafuteni laini ya ofisi, isajiliwe kwa jina la kampuni, ikae kwenye kisimu cha batani ndani ya droo yako. Namba hiyo ndiyo iwekwe kwenye paneli ya hostingi na kila mlango mwingine uliokuwa na namba ya dada. Kama mna akaunti yoyote ya Google ya kampuni, chapisheni zile kodi 10 za akiba za kuingilia simu isipokuwepo, kila moja inafanya kazi mara moja, mfungie kwenye sefu pamoja na kadi za magari.

Mzee_wa_Seva

Marahaba mhasibu. Naongeza moja ambalo Fundi amelipita. Uliza kikoa chenyewe kimesajiliwa kwa anwani ipi. Nimeona ofisi mbili za Arusha kikoa kimeandikwa info@ ya kikoa hicho hicho. Kikoa kikiisha muda, barua pepe zinakufa, na onyo la kulipia linatumwa kwenye sanduku lililokufa. Kuna wengine wanakuta jina limeshachukuliwa na mtu. Weka anwani ya nje ambayo wewe na bosi wote mnaifikia, na jina la mmiliki liwe la kampuni, lisiwe la kijana wa Mwanza.

Mhasibu_Moshi

Mzee, ni la kijana wa Mwanza. Nimeshampigia, anataka "ya maji" kwanza. Nitamtumia.

La mwisho: bosi bado anataka info imfuate kwenye simu yake. Nimwekee mshale kwenda Gmail yake?

Fundi_Ilala

Hapana, utarudi kule kule. Mwekee akaunti ya info kwenye programu ya barua ya simu yake, na kwenye njia ya kupokea barua chagua IMAP, usichague POP, maana POP ikipangwa vibaya inazichukua barua kwenye seva na nyinyi ofisini mnabaki na sanduku jeupe. Kwa IMAP wewe, bosi na atakayeshika bukingi mnaona sanduku moja, akijibu mmoja wengine wanaona limejibiwa. Simu yake iwe na loki. Ikipotea porini, unabadilisha neno la siri la info ukiwa hapo mezani na simu ile haipokei tena.

Atakayeshika bukingi akija, usimpe neno la siri la cPanel. Hilo mbaki nalo wewe na bosi.