Prodyuza wa nyimbo za harusi anataka kutusimamia, nasi ni bendi ya panki. Yaliwapata nini Ramones?

Besi_wa_Katuba

Jambo yenu. Sisi ni vijana wanne wa Katuba, hapa Lubumbashi: gita, besi, ngoma na mwimbaji. Tunapiga panki, ile roki fupi, ya haraka na ya kelele. Wimbo wetu mrefu kuliko zote una dakika mbili na sekunde kumi. Mazoezi tunafanya nyuma ya garaji ya mjomba, umeme ukiwepo. Majirani wametuzoea, au wamechoka kulalamika.

Mwezi uliopita akatujia prodyuza mmoja. Jina simtaji, ila kama umehudhuria harusi Jumamosi yoyote mjini umecheza nyimbo zake. Anataka kututengenezea albamu: kinanda, wasichana wa kuitikia, studio yenye kiyoyozi. Pesa hataki sasa, tutamlipa kazi ikishauzwa. Mwimbaji wetu hakulala usiku ule kwa furaha. Mpiga gita hajanisalimia tangu niseme "tufikirie".

Jana nimesikiliza albamu End of the Century ya Ramones, bendi ya panki ya Marekani, ile waliyofanya na prodyuza Phil Spector. Nasikia ndiyo iliyowaharibu. Ni kweli? Na sisi tukubali?

Simba_wa_Ruashi

Kataa. Leo violini, kesho mnavaa suti nyeupe.

Mzee_wa_Maiki

Mdogo wangu, nimezeeka nyuma ya meza ya sauti, makanisani, matanga, baa za Kamalondo, kote. Usimsikilize Simba, hata wimbo mmoja hajarekodi.

Ramones ni watoto wa Queens, New York. Albamu yao ya kwanza, mwaka 1976, iligharimu dola 6,400 hivi. Hii unayoiuliza ilitoka Februari 1980 na inasemekana ilikula kama 200,000. Pesa zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye saa. Ule mshindo mmoja wa gita unaofungua "Rock 'n' Roll High School", nyuzi zote kwa pamoja, Spector alimfanya Johnny, mpiga gita wao, aupige, aurudie, aurudie tena, masaa kwa masaa, mwenyewe akiusikiliza kwa sauti ya kupasua masikio. Johnny alikuwa mtu wa kufika, kupiga, kurudi nyumbani. Akasema anaondoka. Na katikati ya kazi hiyo hiyo baba yake akafariki.

Sasa ujue Spector alikuwa anatafuta nini. Jina alilipata miaka ya 60 na wasichana wa Ronettes. Studio ya Gold Star, Hollywood, chumba hakikuwa kikubwa. Anawabana humo wapiga gita kadhaa, piano zaidi ya moja, wote wanapiga kitu kilekile mpaka huwezi kusema hili ni gita na ile ni piano. Kisha sauti anaipitisha kwenye chumba cha saruji, spika huku, maiki kule, irudi na mwangwi wake.

Mimi nimewahi kuiga. Kwaya moja ilitaka kaseti isikike kama kanisa kuu, na nilichokuwa nacho ni nyumba ya jirani isiyomalizika. Nikatega spika bafuni, saruji tupu, hata mlango hakuna, maiki nikaiweka koridoni. Mwangwi ukatoka mtamu, nikajiona Spector. Kuja kusikiliza, ubeti wa tatu una jogoo. Pesa ya kurudia haikuwepo, tukamwacha. Kuna walionisifu kwa wazo lile la jogoo.

Basi turudi kwa Johnny. Gita anapiga mkono ukishuka tu, nyuzi zote, bila kupumua. Peke yake tayari ni ukuta. Ukimjengea ukuta mwingine mbele ni kuongeza unga kwenye bukari iliyokwisha kushika: mwiko hauzunguki. Nyimbo za haraka za albamu ile naziona hivyo, zimenenepa. Lakini sikiliza "Danny Says". Inaanza taratibu, gita lina nafasi, mwangwi unapata pa kukaa. Pale Spector alijua anachofanya, na mimi wimbo ule sitaki mtu auguse.

Halafu kuna "Baby, I Love You", wimbo wa Ronettes wa mwaka 1963. Katika Ramones humo yuko Joey tu, mwimbaji wao, na violini zake. Wenzake hawamo. Nao ndio uliofika nafasi ya 8 Uingereza! Albamu yenyewe ikafika ya 44 Marekani, na hakuna nyingine yao iliyowahi kupanda hapo, kabla wala baadaye. Kwa hiyo kuharibiwa? Mwaka uliofuata walikwenda tena kwa mtu wa nyimbo tamu, Graham Gouldman wa bendi ya 10cc. Aliyeharibiwa harudii dawa ileile.

Ninachokiona mimi ni kwamba Joey aliwapenda wale wasichana tangu utoto. Kwake kuingia studio na Spector ilikuwa kuitwa mezani na mfalme. Kwa Johnny ilikuwa kifungo. Chumba kimoja, siku moja. Na wewe umeandika mwimbaji hakulala kwa furaha, mpiga gita hakusalimii. Soma tena barua yako mwenyewe.

Simba_wa_Ruashi

Si huyo Spector ndiye aliyewatolea bastola?

Mzee_wa_Maiki

Dee Dee, mpiga besi, ndivyo alivyosimulia. Marky aliyekuwa kwenye ngoma anasema silaha zilikuwepo lakini hakuna aliyeelekezewa. Lililopita mahakamani ni lingine na ni zito zaidi: mwaka 2003 mwigizaji Lana Clarkson alipigwa risasi nyumbani kwa Spector, na Spector akahukumiwa kwa mauaji mwaka 2009, akafa mfungwa Januari 2021. Huyo wa harusi nadhani hana silaha zaidi ya kinanda.

Mama_Korali

Bandugu, miye siko mwanamuziki wa gita, niko mama wa korali kule komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mutoto wangu alinisikilizisha ile ya violini. Miye naipenda! Ule kijana anaimba kama mutu anaomba musamaha kwa mulango. Mambo ya kelele ile ingine, hapana, kichwa inauma. Na papa wa Maiki, ile kaseti ya jogoo tuko nayo mpaka leo, jogoo anaingia kwa sauti ya pili kabisa.

Gita_Kavu

Mimi niko upande wa mpiga gita wao. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, alipomkuta mpiga gita Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, hakumwongezea piano. Alifungua mashine, akamwacha apige. Gita moja, na dunia nzima ya wapiga gita bado inajaribu kuvishika vile vidole. Mtu mwenye kitu chake, mwachie.

Mzee_wa_Maiki

Kweli tupu, yaya. Ila Mwenda alikuwa peke yake na gita lake. Hakuwa na mwimbaji wa kugombana naye garini.

Wewe wa Katuba, mambo mawili nimesahau. "Mtanilipa kazi ikishauzwa" ni deni, liandikwe kwenye karatasi: kiasi gani, na nani ana neno la mwisho siku ya kuchanganya sauti. La pili, msimpe albamu. Mpeni wimbo mmoja, ule wa taratibu. Kila bendi ya kelele inao mmoja wanaouficha.

Besi_wa_Katuba

Papa, aksanti sana. Umejuaje kama tunao? Upo, wa dakika mbili na kumi ndio huo.

Niliwasomea wenzangu uzi huu wote garajini. Mwimbaji alinyamaza pale kwa Joey na violini, akauliza tu, "Wenzake walikuwa wapi siku hiyo?" Mpiga gita akasema atakwenda, kwa sharti kwamba hakuna wimbo utakaorekodiwa yeye akiwa hayumo. Prodyuza amekubali wimbo mmoja, karatasi tumeandika kwa mkono, mjomba amesaini kama shahidi ingawa hajui panki ni nini.

Jumamosi tumeingia studio. Kiyoyozi kipo kweli. Umeme ukakatika saa nne, jenereta ikaisha esansi saa sita, tukachanga franka tukanunua lita tano barabarani. Sasa niko nje kwenye ngazi naandika, mlango umefungwa. Mpiga gita amenitumia ujumbe kutoka ndani: "Mshindo wa kwanza, mara ya kumi na nne. Muulize mzee wa jogoo huwa inaisha saa ngapi."