Tupeane uzoefu: albamu gani ya laivu ya roki progresivu (ile roki ya nyimbo ndefu zenye mapigo yanayobadilika) imekuganda?

Wakuu, habari za jioni. Naanza na yangu: Seconds Out ya bendi ya Genesis, santuri mbili, 1977. Niliinunua kwenye duka la mitumba nikisoma Leeds. Nilivutiwa na jalada tu, jukwaa limefurika mwanga, na chumba changu kilikuwa na giza la Novemba.

Mwimbaji wao Peter Gabriel alikuwa ameshaondoka tangu 1975. Phil Collins, mpiga drams wao, akashika maiki. Sasa drams apige nani? Ziara ya 1976 wakamchukua Bill Bruford, ya 1977 Chester Thompson, aliyewahi kupigia Frank Zappa na Weather Report. Karibu albamu nzima imerekodiwa Palais des Sports, Paris, Juni 1977.

Sikilizeni mwisho wa wimbo wa Afterglow. Collins anarudi kwenye drams, wanaume wawili wanashusha mpigo mmoja, mzito, pamoja. Mpigo wenyewe Collins aliupenda kwenye rekodi ya Zappa, ambayo Thompson alikuwemo. Usiku ule nilirudisha sindano mara tatu, jirani akagonga ukuta. Supper's Ready imemeza upande wote wa tatu, dakika 24 na zaidi, na sijawahi kuikatiza njiani. Firth of Fifth haina ule utangulizi wa piano, inaniuma mpaka leo, ila gitaa la Steve Hackett linafidia yote. Hackett aliiacha bendi albamu ikiwa bado inachanganywa studio. Tangu nijue hilo, solo ile naisikia kama mtu anayeaga.

Nanyi je?

Mchangiaji wa 2:
Hiyo nzito mkuu. Mimi ni Yessongs ya Yes, 1973, santuri tatu. Niliirithi kwa kaka, Mombasa, kwenye kaseti zisizo na majina ya nyimbo, kwa hiyo miaka mingi nilikuwa naziita kwa namba. Nilikuwa napiga drams kanisani. Mwenzangu aliacha ghafla, nikapewa siku mbili kujifunza nyimbo za Pasaka. Baadaye nikasoma kwamba mpiga drams Alan White alipewa siku tatu tu kujifunza nyimbo kabla ya ziara ya Yes ya 1972. Nikairudia Close to the Edge, dakika kama 18 za mapigo yanayobadilika kila kona, nikalia kabisa. Siku tatu!

Mchangiaji wa 3:
Jamani, mmeona? White aliziba nafasi ya Bruford. Na kwenye hiyo hiyo Yessongs, drams za wimbo wa Perpetual Change ni Bruford. Kwenye Seconds Out, The Cinema Show ni ya 1976, Bruford tena. Yangu ni USA ya King Crimson, 1975, nyingi yake imerekodiwa Asbury Park, Juni 1974, kundi likavunjika mwaka uleule. Drams? Bruford! Nilikuwa naisikiliza zamu za usiku Muscat, barabara tupu, na ile snea yake (drams ndogo ya mlio mkali) inayolia kama sufuria ilinifanya nisisinzie.

Mwanzisha mada:
Mkuu, miaka yote hii sikuwahi kuunganisha hayo. Nimeweka The Cinema Show sasa hivi, nusu ya pili, pale kinanda cha Tony Banks kinapoanza kukimbia. Drams zinamfuata nyuma. Nasikiliza drams peke yake.