Mrejesho: Skana ya filamu imetulia mezani

Ndugu zangu, nawashukuru kwa majibu yenu kuhusu skana yangu ya filamu za milimita 35, ambayo hapa Moshi ilikuwa ikitoa picha zenye mawimbi na madoa ya vumbi. Nilifuata ushauri wa kuiondoa dirishani, penye jua na vumbi la barabarani, nikaiweka juu ya meza nzito ya mninga, mbali na mtikisiko wa feni na printa, na mawimbi yamekwisha kabisa. Vumbi limepungua tu. Usafishaji wa infraredi, yaani skana kutumia mwanga usioonekana kwa macho kutambua vumbi na kulifuta kwenye picha, umezifaa filamu za rangi, lakini zile za zamani za nyeusi na nyeupe, ambazo chembe zake za fedha huuzuia mwanga huo, bado nazipuliza kwa pampu ya mkono kisha nazirekebisha mojamoja kwenye kompyuta, kazi inayochosha kwelikweli.