Majirani Mtaa wa Juu: minyoo ya mbwa wa Mama Neema

Mama Neema: Jamani majirani, za asubuhi. Yule mtoto wa mbwa tuliyeletewa katoa minyoo leo, mirefu myeupe kama tambi, mingine bado inajinyonganyonga. Tumbo limemvimba. Na Neema kutwa kambeba! Nimpe dawa gani isiyomdhuru?

Baba Junior: Usihangaike shemeji. Nina ivamektini ya ng'ombe imebaki. Nusu mililita chini ya ngozi, kesho mzima.

Bibi Rehema: Mpe kitunguu saumu na mbegu za papai. Sisi zamani mambo ya sindano tuliyajulia wapi.

Kelvin: Samahani kutoka nje ya mada, maji yametoka huko kwenu?

Salum Mifugo: Mama Neema, usimpe chochote kwanza. Ana umri gani na kilo ngapi?

Mama Neema: Wiki sita hivi. Kilo sijui, anaenea kwenye beseni dogo. Baba yake Jemani shepadi, mama ni wa hapahapa.

Salum Mifugo: Basi ivamektini iache kabisa. Baba Junior usinichukie kaka 😄 Chupa ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Mililita moja ni dozi ya ndama wa kilo 50, kwa hiyo nusu yake ni ya mnyama wa kilo 25. Huyu hata kilo 3 sidhani. Halafu wapo mbwa, hasa koli na baadhi ya Jemani shepadi, wenye kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kupenya mpaka kwenye ubongo. Utamwona anayumba, udenda, anatetemeka, haoni, anaweza kupoteza fahamu. Na dawa maalumu ya kuizimua hakuna.

Baba Junior: Mbona Simba wangu nampiga kila mwaka na anabweka mpaka usiku hamlali?

Salum Mifugo: Simba ni dume zima la kilo thelathini na kitu. Tena ukimchoma kwa kukadiria, siku utakayokosea yeye hawezi kukwambia.

Mama Neema: Na zile za Neema za kutafuna, albendazoli?

Salum Mifugo: Hapana mama. Kwa mbwa inaweza kudhoofisha uboho, damu ikapungua. Bibi Rehema shikamoo, na kitunguu saumu nacho huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa.

Bibi Rehema: Marahaba. Haya, mimi nakaa kimya.

Salum Mifugo: Hiyo mirefu ni minyoo ya mviringo, mtoto huipata kwa mama yake tangu tumboni, na kwenye maziwa. Nenda duka la dawa za mifugo, ulizia pairanteli ya maji ya watoto wa mbwa. Hiyo hupewa hata wa wiki mbili. Dozi imeandikwa kwa kilo, ndiyo maana nakuomba uzito. Fenbendazoli nayo ni nzuri, ila hutolewa siku tatu mfululizo. Ukija kuona vipande kama punje za mchele kwenye mkia, hiyo ni tegu, inataka prazikwanteli, na viroboto uvimalize, maana vyenyewe ndivyo vinavyoileta.

Mama Neema: Mara moja inatosha?

Salum Mifugo: Haitoshi. Dawa haiifikii minyoo michanga iliyojificha mwilini. Rudia kila wiki mbili mpaka miezi mitatu, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Akitoa minyoo mingi kesho yake usishtuke. Lakini fungua mdomo umtazame fizi. Zikiwa nyeupe, mlete kwa daktari leo leo, usingoje duka.

Mama Neema: Nimetazama, ni za waridi kabisa.

Dada Asha: Na Neema je?

Salum Mifugo: Anawe mikono kwa sabuni, asilambwe usoni. Kinyesi kiokotwe kila siku, mayai yakikaa wiki mbili au zaidi kwenye udongo ndipo yanapoweza kuambukiza. Na mama wa huyo mbwa naye apewe dawa.

Mama Neema: Nimempeleka kwa Mangi, kapimwa kwenye mizani ya unga 😂 Kilo mbili na robo. Mangi kauliza bei ya kilo.

Kelvin: Maji jamani?

Salum Mifugo: Kilo 2.25, vizuri. Ukinunua nitumie picha ya lebo kabla hujampa, nikuhesabie mililita. Na omba sirinji ndogo isiyo na sindano.

Baba Junior: Salum, ukimaliza huko nitumie na ya Simba.

Dada Asha: Kelvin, yametoka, ila hayana presha.