Madogo wanakariri mihimili mitatu, kesi ya Mtikila hawaijui. Tuwafundishe au tuwaache?

Mleta mada:
Wadau habari zenu. Nafundisha uraia sekondari mwaka wa 9 sasa na kuna kitu kinanikera kila nikifika topiki ya katiba. Dogo anakuchorea mihimili vizuri kabisa, Bunge linatunga sheria, serikali inatekeleza, mahakama inatafsiri, anapata maksi zake zote. Muulize sasa mahakama ikisema sheria ya Bunge ni batili kinafuata nini. Kimyaa. Kwenye notsi zake mihimili haijawahi kugombana hata siku moja.

Juzi nikaweka notsi pembeni nikawasimulia kesi ya Mchungaji Mtikila. Kwa walioisahau: 1993 alifungua kesi akitaka mtu aweze kugombea bila chama, Oktoba 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma akampa ushindi, Bunge likakaa mwaka huohuo likabadilisha katiba kuuzima ushindi wenyewe, jamaa hakukata tamaa akarudi tena, 2006 Mahakama Kuu ikampa tena, 2010 Mahakama ya Rufani wakaketi majaji 7 wakasema hilo ni suala la kisiasa liende bungeni, basi mzee akahamia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu hapohapo Arusha na Juni 2013 akashinda. Miaka 20 hiyo. Na mgombea binafsi hatujamwona.

Aisee darasa liliwaka. Wengine wakasema Bunge limechaguliwa na wananchi, lina haki ya kubadili katiba, wengine wakasema kama aliyeshindwa kesi anaweza kwenda kubadilisha sheria basi kesi ilikuwa ya nini. Halafu kuna binti mmoja wa nyuma, huyo hata jina lake huwa nalisahau jinsi alivyo mkimya, akauliza: "Mwalimu, kwani mwishoni alishinda nani?" Nikabaki nashika chaki tu.

Nilivyosimulia ofisini mmoja akaniambia unawaingiza watoto kwenye siasa, mwingine akasema pepa haliulizi hayo. Mimi naona kesi tatu nne zikifundishwa kama visa, watu wakabishana, zinatosha kuliko kurasa 40 za maana ya katiba. Kuna ile ya Ephrahim na Pastory ya 1990 Mwanza, mama wa Kihaya kauza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, kwa shilingi 300,000, mpwa wake akataka uuzaji ufutwe kwa sababu mila haimruhusu mwanamke kuuza, Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo ni ubaguzi, haisimami mbele ya Haki za Binadamu zilizoingizwa kwenye katiba 1984. Mwanafunzi gani hana shangazi mwenye kesi kama hiyo? Na ya Rebeca Gyumi ndo usiseme, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa wazazi wakikubali, Mahakama Kuu 2016 ikasema vifungu hivyo vinapingana na katiba, serikali ikakata rufaa ikashindwa 2019. Mabinti wa kidato cha tatu wana miaka mingapi jamani? Hiyo sheria ilikuwa inawazungumzia wao.

Naomba maoni, na kupingwa ruksa.

Mwalimu wa Historia:
Wazo zuri mkuu ila umeongea kama una wanafunzi 20. Weka darasa la 90, hukumu zenyewe za zamani zimeandikwa kwa Kiingereza kizito kurasa na kurasa, ticha mwenyewe hajawahi kuisoma hata moja kaokota muhtasari kwenye grupu la WhatsApp. Mwisho wa siku tutapata kitu kingine cha kukariri, "Lugakingira 1994, Mwalusanya 1990", kama wanavyokariri tarehe ya Mkutano wa Berlin. Afu mbona umechagua zile za mwananchi kushinda tu? Ya adhabu ya kifo je? Kesi ya Mbushuu, Mwalusanya huyohuyo 1994 akasema kunyonga ni kinyume cha katiba, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ndiyo ni adhabu ya kikatili lakini ibara ya 30 ya katiba hiyohiyo inairuhusu. Hiyo ungewapa ungeona wanavyokuna kichwa.

Mwanasheria:
Mimi wasiwasi wangu tofauti. Ukimsimulia mtoto Mtikila anaondoka anaamini raia yeyote akiona sheria mbovu anakwenda mahakamani. Ibara ya 26 ya katiba inasema hivyo kweli. Lakini marekebisho ya 2020 yaliweka sharti kwamba ukifungua kesi ya haki za msingi uape kiapo kuonyesha sheria hiyo imekuathiri vipi wewe binafsi. Na ule mlango wa Mahakama ya Afrika Arusha, Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda wenyewe moja kwa moja. Kwa hiyo unawafundisha njia ambayo nusu yake iliwekwa geti.

Mleta mada:
Ya Mbushuu naikubali, nilikuwa nimeisahau kabisa, hiyo naongeza, maana wanafunzi wangu wengi wanaunga mkono kunyonga na nataka niwaone wakigundua kwamba mahakama ya juu iko upande wao kwa sababu ambayo hawakuitegemea. Suala la 90 kweli, sina dawa yake, mimi niliwagawa kwa benchi, benchi hili serikali benchi hili Mtikila, kelele zilifika mpaka ofisini lakini waliongea. Kukariri watakariri tu, hata hadithi za sungura wanakariri, shida ni kukariri kitu kisichokuwa na mgogoro ndani yake.

Mwanasheria hapo kwenye 2020 umenibana. Ila ndo kitu chenyewe hicho bwana, katiba inasema kila mtu, sheria ya 2020 ikasema onyesha umeumia wapi. Ipi inaizidi nyenzake? Jumatatu nawaandikia zote mbili ubaoni, ibara ya 26 kushoto, kiapo cha 2020 kulia, na yule binti wa nyuma ndo ataanza kuongea.