Nissan 370Z ya 2014 kwa dola 19,500: nishushe bei namna gani, na garanti ya dola 1,800 ina faida?

Mwana_Kampemba

Jambo wote. Naangalia 370Z ya 2014 inayouzwa hapa Lubumbashi: giaboksi ya mkono, usukani wa kushoto, kilomita 78,000. Ilitoka Dubai, ikapita Dar es Salaam hadi Kasumbalesa. Muuzaji anataka dola 19,500. Nikiongeza 1,800 ananipa garanti ya miezi 24 ya "mashine nzima". Mkataba wa garanti una kurasa tatu, sijatia sahihi. Nianzie bei gani? Na hiyo garanti niichukue? Mafundi walio karibu nami wamezoea Land Cruiser na RAV4, Z hawajaifungua.

Fundi_Ruashi

Usitaje bei kwanza. Mwambie unataka motokari kwa saa mbili, na injini uikute baridi kabisa. Ukifika gusa injini kwa mkono. Ikiwa na vuguvugu, wameishaiwasha kabla yako, rudi kesho yake asubuhi.

Injini hiyo ni VQ37VHR, silinda 6, lita 3.7. Ni injini nzuri sana, lakini ina ugonjwa mmoja unaojulikana. Nyuma ya mfuniko wa cheni kuna gasketi ndogo za karatasi zinazoziba njia za oili. Zikipasuka, oili inavuja ndani kwa ndani. Chini hutaona hata tone, ila presha inashuka, na inashuka zaidi injini ikipata moto. Dashibodi ya Z inaonyesha joto la oili, presha haionyeshi, kwa hiyo mwenye motokari anaweza kuendesha miezi bila kujua. Fundi afungue sensa ya presha, afunge manometa mahali pake. Tembeza nusu saa barabara ya Likasi mpaka oili ifike karibu nyuzi 90, halafu soma: injini ikinguruma bila kukanyaga, presha iwe juu ya bar 1, kwenye mizunguko 2,000 iwe bar 3 au zaidi. Ikicheza chini ya hapo, acha. Chomeka skana pia: namba za hitilafu P0011 au P0021 kwenye injini hii zinanifanya nifikirie gasketi hizo kabla ya kitu kingine. Gasketi ya chuma ya kubadilishia ni kitu kidogo, ila mbele yote ya injini lazima ishuke, na hapo ndipo pesa inapokwenda.

La pili ni ambreyaji, yaani klachi. Silinda yake ya chini imefichwa ndani ya kengele ya giaboksi, imezunguka shafti, na mwili wake ni wa plastiki. Kanyaga pedali mara ishirini mfululizo, injini ikiwa moto. Pedali ikibaki chini, au ukilazimika kuipandisha kwa ncha ya kiatu, silinda imekwisha. Fungua kikopo cha mafuta ya ambreyaji: yakiwa meusi kama kahawa na yamepungua, ni dalili ileile. Kuibadilisha lazima giaboksi ishuke, kwa hiyo hesabu na diski papo hapo.

Bodi: usimruhusu mtu apime kwa sumaku. Boneti, milango na mlango wa nyuma wa Z ni alumini, sumaku haishiki hata kwenye rangi ya kiwandani. Mtu asiyejua atasema ni mastiki (ya kuziba mabonyeo), na anayejua atakudanganya. Tafuta kipimo cha rangi kinachosoma alumini.

Na kwa kuwa ilitoka Dubai: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kabisa. Emirati zilipata mafuriko makubwa tarehe 16 Aprili 2024. Kiti wanakiosha, kapeti wanabadilisha, lakini ile sehemu ya mkanda inayokaa ndani ya ganda hubaki na mstari wa tope. Angalia pia kutu kwenye reli za viti.

Mama_Golf

Naongeza kitu kuhusu asili yake. Si kila motokari ya Dubai ilizaliwa kwa soko la Ghuba, nyingi ni za Marekani zilizonunuliwa kwenye mnada baada ya ajali, zikanyooshwa kule. Ukikuta spidi imeandikwa kwa maili, au kibandiko cha nguzo ya mlango kinataja sheria za usalama za Marekani, chukua namba ya chesisi, yenye tarakimu na herufi 17, ulipie ripoti ya historia yake kwenye intaneti. Ikitoka "salvage", yaani iliandikwa kuwa imeharibika vibaya, hiyo ni bei nyingine kabisa, au hakuna bei.

Sasa kushusha. Kwanza hakikisha 19,500 ni bei ya nini: DGDA (forodha) imelipwa, risiti ipo, karti rozi (kadi ya motokari) na plaki viko ndani? Kama ushuru bado, ongeza na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, na hapo hamzungumzii tena bei ileile. Pili, usibishane kwa maneno, bishana kwa proforma, yaani karatasi ya bei toka duka au garaji. Matairi ya inchi 19 ya nyuma ni 275/35, hayapatikani kila duka hapa mjini. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 1518 ni wiki ya 15 ya 2018. Tuseme proforma ya matairi ni 1,100 na ya ambreyaji ni 1,400. 19,500 ukitoa hayo ni 17,000. Hicho ndicho kikomo chako, kiandike uache nyumbani. Anzia 16,200, weka karatasi mbili mezani, kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa kupandisha mwenyewe.

Kumbuka motokari ya chini kama hii, kwa barabara zetu na mvua zinazoanza Novemba, haina wanunuzi wengi. Uliza imekaa hapo tangu lini. Muuzaji anajua hilo kukuzidi.

Garanti isizungumzwe mpaka bei ifungwe. Akizichanganya, atakupunguzia 800 huku na kuzirudisha kule.

Katuba_Auto

Mimi sikatai garanti zote. Iliyo nzuri inajibu haya kwa maandishi: nani analipa, muuzaji mwenyewe au kampuni iliyo nyuma yake? Garaji ipi, hapa mjini? Usafiri wa vipuri toka Dubai au Japani ni juu ya nani? Kikomo kwa kila dai ni kiasi gani? Na siku motokari imelala garaji, muda wa garanti unasimama au unaendelea kwenda?

Angalia sana ukurasa wa vitu visivyomo. Mikataba mingi inaacha nje gasketi, sili (pete za kuzuia oili isivuje), ambreyaji na "vitu vya kuchakaa". Kwa Z hiyo maana yake magonjwa mawili aliyoyataja Fundi hayamo, na umelipia kinga ya vitu visivyoharibika mara kwa mara. Uharibifu wa mafuta mabaya nao huachwa nje karibu kila mara. Injini hii ina mbano wa 11 kwa 1, inataka petroli ya oktani ya juu. Ikianza kugonga kwa petroli ya madumu, hakuna garanti itakayokulipa.

Mwana_Kampemba

Aksanti sana. Nimesoma kurasa zote tatu: gasketi, sili na ambreyaji hazimo. Kikomo ni dola 600 kwa dai moja. Garaji ni ya muuzaji peke yake, na vipuri nasafirisha kwa pesa yangu.

Katuba_Auto

Basi usiichukue. Dola 600 hazitoshi kushusha mbele ya VQ37. Weka hizo 1,800 benki kando, ziwe za motokari hiyo tu. Badala yake mwombe siku 90 za kwake mwenyewe, zikitaja kwa jina presha ya oili na silinda ya ambreyaji. Akiwa na imani na mashine yake, siku 90 hazimgharimu kitu. Akikataa, mwambie akushushie tena.

Mama_Golf

Na kwenye hati ya mauzo asiandike "inauzwa kama ilivyo". Sheria yetu ya mikataba, dikri ya 30 Julai 1888, inambana muuzaji kwa kasoro zilizofichika hata kama hakuzijua, isipokuwa mmekubaliana kwamba hatawajibika. Sentensi hiyo moja inaweza kukunyima haki unayoipata bure. Ila kasoro unayoweza kuiona kwa macho haimo, na ukigundua iliyofichika dai haraka, usingoje miezi.

Ulipe kwa benki, hati ibebe namba ya chesisi. Kama anataka noti mkononi, zikague zote kabla, maana yenye mpasuko mdogo ataikataa, na mtaanza kubishana upya bei iliyokwisha kufungwa.

Fundi_Ruashi

Siku ukiichukua, mwaga oili. Inaingia lita 4.9 pamoja na filta, 5W-30. Kata filta ya zamani kwa msumeno, ukunjue karatasi yake juani. Ukiona chembe zinazometameta, piga picha zikiwa na tarehe kabla hujasafisha chochote, uzipeleke kwa muuzaji siku hiyohiyo.